Nauli ya Senti Moja

Ipo nchi moja, na ingali ipo, ambayo jina lake halitatajwa hapa kwa sababu kulitaja kuna ada. Itoshe kusema ni nchi yenye bahati. Humo, kupanda ndege kutoka upande mmoja wa nchi hadi wa pili ni senti moja. Senti moja tu! Imeandikwa kwenye kuta za majengo yote ya serikali, inaimbwa na watoto wa shule kila asubuhi kabla ya uji, na wale wachache waliothubutu kusema hadharani kwamba kusafiri ni ghali walipelekwa mahakamani. Jaji aliwauliza swali moja tu: "Nauli ni kiasi gani?" Wakajibu, "Senti moja, mheshimiwa." Basi wakafungwa kwa ushahidi wao wenyewe, na haki ikaonekana ikitendeka.

Zamani watu hao walikuwa na barabara. Ilikuwa na mashimo kama barabara nyingine, lakini ilimfikisha mtu kwao. Daraja liliposombwa na mafuriko, wananchi wakaomba lijengwe upya. Waziri wa Anga na Matumaini akaja kuwajibu mwenyewe, akahutubia mpaka wazee wakaanza kuanguka kwa njaa.

"Ndugu wananchi!" alisema. "Daraja ni nini? Daraja ni woga wa maji! Taifa linaloruka linataka daraja la nini? Kuna mtu hapa aliyewahi kumwona kunguru anaandamana kudai daraja?"

Watu wakapiga makofi, maana kutopiga nako kulikuwa kumeanza kutozwa. Barabara ikaota majani, mabasi yakauzwa kama vyuma chakavu, na toka siku hiyo mtu wa mji mkuu, unaoitwa Usoni, akitaka kwenda mji wa kusini, unaoitwa Kisogoni, sharti apite juu.

*

Sikudhani alikuwa mtu wa Kisogoni aliyehamia Usoni na kupata riziki yake kwa kuuza vitumbua nyuma ya wizara hiyohiyo ya Anga na Matumaini. Alikuwa mwanamke wa makamo, mpole wa maneno, mkali wa chenji. Makarani wa wizara walikula vitumbua vyake kwa mkopo na kumwita shangazi. Hakuwahi kupanda ndege. Alizitazama tu zikipita, akaamini kama walivyoamini wengine kwamba siku akitaka kwenda kwao, senti moja hakosi.

Siku hiyo ikafika kabla hajaitaka. Mdogo wake Mbwana alipiga simu alfajiri kutoka Kisogoni, akashindwa kusema. Sikudhani alisikia pumzi yake tu, akajua.

"Mama?"

"Mama, dada. Ametutoka."

Sasa, watu wa Kisogoni wana jambo lao, na jambo hilo halina mjadala. Mama akifa, sanda yake hununuliwa na binti yake wa kwanza, kwa jasho la binti mwenyewe, na binti huyo huileta kwa mikono yake. Sanda ya msaada haimfai, na sanda ya kutumwa ni sawa na salamu za kutumwa. Mpaka binti atokee nayo, wanawake wa kuosha hawanyanyui kata ya maji. Asipotokea, marehemu huzikwa na khanga aliyofia, na watu wa Kisogoni husema juu ya kaburi lile, mpaka wajukuu wazeeke, kwamba hapa amelala mama asiyezaa. Marehemu Bi. Mwajabu alikuwa amezaa, na kwa uchungu, na Sikudhani ndiye aliyemfungua kizazi.

"Wazee wamekubali kukusubiri mpaka kesho jua likianza kushuka," alisema Mbwana. "Zaidi ya hapo hawawezi, dada. Joto la huku unalijua."

"Nakuja," alisema Sikudhani. "Mwambie mama nakuja." Kisha akakumbuka anasema nini, akakaa chini jikoni akalia.

Alipomaliza kulia alikwenda kununua sanda, bafta nyeupe, nzuri, isiyo na doa, kwa fedha aliyoiweka tangu mwaka uliopita akitaraji kutengeneza bati la nyumba. Iliyobaki aliifunga kwenye pindo la khanga. Ilikuwa fedha ya kutosha, alifikiri. Kwani nauli si senti?

*

Uwanjani, karani wa tiketi alikuwa mmoja wa wale wa vitumbua vya mkopo, binti mwenye kucha ndefu na sauti ya upole aliyofundishwa.

"Nauli senti moja, mama," alisema. "Karibu utumie mabawa ya wananchi."

Sikudhani akatoa senti. Karani akaipokea kwa mikono miwili, kwa heshima, akaiweka kwenye kisanduku cha kioo kilichowekwa bendera.

"Sasa tuje kwenye ada. Kiti utahitaji?"

"Kwani kiti hakimo kwenye nauli?"

"Ada ya kuuliza nimekuandikia, mama, usijali. Nauli ni ya kuruka. Kukaa ni jambo lako binafsi."

"Basi nitasimama."

"Wanaosimama wanalipia dari."

Sikudhani akalipia kiti. Akatajiwa dirisha, na alipolikataa akalipia kukataa, maana mtu asiyekaa dirishani analeta usumbufu wa kuuliza wamefika wapi. Akalipia mkanda wa kujifunga. Akalipia hewa, daraja la kawaida, kwa kuwa ile safi haikuwa ya watu wa vitumbua. Akalipia usalama wa jumla, na karani akamweleza kwa huruma ya kweli kwamba usalama wake yeye mwenyewe unauzwa kando. Kila alipolipa, karani alitabasamu na kumkumbusha kwamba nauli bado ni senti moja. Pindo la khanga likawa linalegea.

"Na kushuka," alisema karani, "utalipia hapa au kulekule juu?"

"Kushuka kupi?"

"Kushuka, mama. Nauli inakupandisha. Kushuka ni hiari ya abiria."

Ilikuwa kweli. Wapo watu katika nchi ile waliopanda wakiwa hawana ada ya kushuka, na wangali humohumo ndani ya ndege, wanakwenda na kurudi. Wake zao huja uwanjani na vyungu vya chakula, wakiomba vipandishwe. Wizara imewahesabu watu hao katika takwimu za abiria, na kwa sababu yao nchi ile inaongoza duniani kwa wananchi kupenda kusafiri.

Sikudhani akalipia kushuka. Akabakiwa na sarafu chache na kifurushi cha bafta kifuani.

"Hiyo ni nini?"

"Sanda ya mama yangu."

"Pole sana, mama," alisema karani, na akainamisha kichwa, maana pole ilikuwa bado ya bure, ingawa suala lake lilikuwa mezani kwa waziri. "Mzigo wa msiba tunatoza maradufu. Wataalamu wamepima wakaona huzuni ina uzito."

Aliitaja ada yenyewe. Sikudhani angeuza vitumbua mwaka mzima asiifikie.

"Mwanangu," alisema, "vitumbua vyangu umekula miaka mingapi?"

Karani akatazama kucha zake. Kisha akakumbuka kwamba naye ana mama, na kodi ya nyumba, na msimamizi mgongoni.

"Anayefuata," alisema.

*

Lisilo budi hutendwa. Sikudhani alikwenda nyuma ya nguzo, akaifungua bafta, akajizungushia mwilini, kiunoni, kifuani, mpaka kichwani, maana nguo aliyoivaa abiria ilikuwa haijapata ada yake. Alipotokea, foleni nzima ilimpisha. Mzee mmoja alianza kusoma dua.

Mlangoni pa ndege alisimama Mkurugenzi wa Unafuu, Bwana Hizza Kondo, mtu mnene mwenye sauti ya mtu anayehutubia hata akiomba chumvi. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha usafiri unabaki nafuu. Akamtazama Sikudhani toka juu hadi chini.

"Bibi, hii uliyovaa ni nini?"

"Nguo, bwana mkubwa."

"Nguo gani?"

Sikudhani hakuwa na kipaji cha uongo. "Sanda," alisema.

Bwana Hizza akanyanyua kidole kama mtu aliyeona mwezi wa Idi. "Na katika nchi hii yenye utaratibu, ni nani avaaye sanda?"

Hakuna aliyejibu, kwa kuogopa ada.

"Maiti!" alisema Bwana Hizza. "Avaaye sanda ni maiti, na maiti hapandi kwa mlango huu. Shirika letu si la kubagua, bibi. Shirika letu linawajali wananchi wote, walio hai na wasio hai. Una njia mbili. Vua, ulipie mzigo maradufu. Au baki ulivyo, usafiri kama marehemu, chini, pamoja na shehena."

"Na marehemu analipa kiasi gani?"

Hapo Bwana Hizza akaona aibu kidogo, kwa kuwa jibu lilikuwa dogo. Marehemu hakai kitini, hatazami dirishani, havuti hewa, haulizi maswali. Hata kushuka hatozwi, maana wahudumu waligoma kukaa na maiti angani. Alikuwa na ada moja tu ya kubebwa, na sarafu zilizobaki kwenye pindo la Sikudhani ziliitosha.

Sikudhani akaelewa kwamba katika nchi yake kufa ndiko kwenye nafuu. Wala hakushangaa sana, hilo ndilo lililomuuma. Alimfikiria mama yake amelazwa kitanda cha kamba, wanawake wameketi wakitazama mlango. Angeambiwa apande mgongoni mwa fisi, angepanda.

"Na zile nilizokwisha kulipa?"

"Ulilipa ukiwa hai," alisema Bwana Hizza kwa upole. "Marehemu harithi mali yake mwenyewe. Hiyo si sheria yangu, hiyo ni dunia."

Wakamjazia cheti cha kifo. Sababu ya kifo: safari. Akaweka dole gumba. Kisha Bwana Hizza, kalamu mkononi, akauliza swali la mwisho, tena bila kuinua macho.

"Atakayekupokea huko. Aliye wako wa karibu kuliko wote ni nani?"

Mtu aliyefiwa asubuhi ile ukimwuliza swali hilo atajibu nini? Kinywa hakikungoja kichwa.

"Mama yangu," alisema Sikudhani. "Bi. Mwajabu."

Ikaandikwa, ikapigwa muhuri.

*

Kule chini penye shehena hakuwa peke yake. Kati ya magunia ya vitunguu na jokofu la mbunge fulani walikuwapo maiti wengine kadhaa, wamekaa wanakula karanga. Mmoja alikuwa Mwalimu Ndembo, ambaye shule yake ilikuwa Kisogoni na mshahara wake ulikuwa Usoni, hivyo alilazimika kufa kila mwisho wa mwezi.

"Umezoea?" Sikudhani alimwuliza.

"Mtu huzoea," alisema mwalimu. "Tatizo langu ni kura tu. Kila uchaguzi naambiwa nilikwisha kufa, halafu jioni naambiwa nilipiga, na nilimpigia waziri." Akammegea karanga. "Nani anakukomboa ukifika?"

"Kunikomboa?"

"Maiti hatoki stoo mwenyewe, mama. Hutolewa na aliyeandikwa. Mimi humwandika mke wangu. Huja na baiskeli, anatia sahihi, ananipakia, tunakwenda zetu. Wewe umemwandika nani?"

Sikudhani alijifunika uso kwa ile bafta. Mwalimu akaelewa bila kuambiwa, akaacha kutafuna. Ndege ikanguruma, vitunguu vikabiringika huku na huku mpaka ikatua.

*

Msimamizi wa stoo ya Kisogoni aliitwa Bwana Mgaya, mtu mwembamba, msafi, asiyechukua rushwa, na kwa hiyo hakuna kilichoweza kumsogeza.

"Bi. Mwajabu ajitokeze kupokea maiti yake," alitangaza kesho yake asubuhi, stoo ilipofunguliwa.

"Bi. Mwajabu ni marehemu," alisema Sikudhani. "Ndiye ninayekwenda kumzika. Nakuomba, baba, nifungulie. Jua linapanda."

"Nyamaza wewe, umekufa," alisema Bwana Mgaya. "Marehemu Mwajabu ana cheti?"

"Hana. Ofisi ya vyeti iko Usoni."

"Basi yu hai. Mwenye cheti hapa ni wewe."

"Badilisha jina, basi, uandike la mdogo wangu."

"Wa kuomba mabadiliko ni mpokeaji mwenyewe. Aje aombe."

Mbwana, aliyepashwa habari na Mwalimu Ndembo, akafika anahema. Alikuwa amekimbia toka msibani, na jua lilikuwa linakaribia utosi. Alishika nondo za dirisha la stoo akamwona dada yake amesimama ndani amevaa sanda, akapiga ukelele.

"Usilie, ni mimi," alisema Sikudhani. "Mimi ni mzima. Chukua sanda uende nayo, mimi niache."

"Sanda haitenganishwi na maiti," alisema Bwana Mgaya. "Ni wizi wa makaburini huo."

Na isingefaa hata hivyo, Mbwana alijua. Wanawake wa Kisogoni wangetazama mikono iliyoileta. Wakatazamana kaka na dada kati ya zile nondo. Bwana Mgaya akachungulia tena karatasi yake, na kwa kuwa hakuwa mtu mbaya, akawasaidia kadiri ya uwezo wake.

"Mpokeaji si lazima aseme kitu," alisema. "Ni lazima afike tu, aweke dole."

*

Wakamleta. Wasemao kwamba watu wa Kisogoni hawana adabu hawakuwaona siku ile. Walimbeba Bi. Mwajabu kwenye jeneza lililofunikwa khanga, wanaume wakipokezana mabega, wanawake wa kuosha nyuma yao na mitungi ya maji kichwani, wakaingia naye uwanja wa ndege kupitia mlango wa wanaokuja kupokea wageni. Mlangoni walitozwa ada ya kupokea wageni, mmoja mmoja, na Bi. Mwajabu naye akahesabiwa.

Bwana Mgaya alifunua khanga akautazama uso, akaulinganisha na jina. Akaleta kidau cha wino. Mbwana ndiye aliyeshika mkono wa mama yake. Ulikuwa mkono uliowapikia, uliowachapa, uliowapaka mafuta ya nazi, na sasa ulikuwa mzito na baridi. Alilichovya dole lake kwenye wino akaligandamiza juu ya karatasi. Watu walitazama chini.

"Asante, bibi," Bwana Mgaya alimwambia maiti, kwa kuwa ndivyo alivyofundishwa, na akafungua kufuli.

Hivyo mama aliyekufa akaja kumkomboa mwanawe aliye hai. Sikudhani alitoka, akapiga magoti pale sakafuni, akaanza kujivua ile sanda mkunjo baada ya mkunjo mbele ya halaiki, akabaki na gauni lake la kupikia na khanga. Wanawake walizungusha khanga wakafanya ukuta, na palepale stoo, kati ya magunia, wakamwosha Bi. Mwajabu na kumvisha bafta iliyokuwa bado na joto la mwili wa binti yake. Kwa dakika zile Sikudhani alifurahi. Ndiyo, alifurahi, na halikumtia haya. Mama yake alikuwa amevikwa.

Furaha hiyo iliishia getini. Afisa wa Mazishi alikuwa amewatangulia.

"Mnakwenda kumzika nani?"

"Mama yetu, Bi. Mwajabu," alisema Mbwana.

Afisa akatazama nakala ya karatasi ya stoo. "Bi. Mwajabu ametia dole hapa leo hii. Mtu aliyetia dole yu hai. Mnataka kumzika mtu hai?"

"Mtazame, bwana!"

"Mimi sitazami watu, natazama kumbukumbu. Kibali nilichonacho kwa leo ni kimoja. Marehemu Sikudhani, amekufa kwa safari, amewasili kwa ndege, amekabidhiwa kwa mama yake. Huyo mzikeni. Mwingine yeyote, nitawakamata."

Jua lilikuwa limeshaanza kushuka. Wazee wa Kisogoni walishauriana kwa macho tu. Maji walikwisha kuyavulia nguo.

"Basi tunamzika Sikudhani," alisema mzee mmoja.

Kisogoni wanaume na wanawake huenda makaburini pamoja, na afisa akafuatana nao kuhakikisha utaratibu. Alisimama ukingoni, akasoma kibali. Wakamtelemsha Bi. Mwajabu kwa jina la bintiye. Watu walilia, na kwa kuwa afisa alikuwa anasikiliza, walilia walivyoruhusiwa. "Sikudhani wee!" walisema. "Umetuacha, Sikudhani!" Mbwana aliyemzika mama yake hakuweza kutamka mama. Aliita dada, dada, machozi yakimtiririka, na dada amesimama kando yake.

Sikudhani naye akaanza kulia. Afisa akamgeukia.

"Wewe tulia. Marehemu hawalii kwenye kaburi lao."

Akajaribu. Alijitia pindo la khanga kinywani, akauma. Udongo wa kwanza ukaanguka, akauma. Wa pili ukaanguka, na ile nguo nyeupe ikaanza kupotea chini ya udongo, na hakuna hata mtu mmoja pale, kati ya wote aliowazalisha Bi. Mwajabu, aliowauguza na aliowagombeza, aliyekuwa amelitaja jina la mwanamke aliyekuwa anafukiwa. Sikudhani akatoa khanga kinywani.

"Mama!" aliita, kwa sauti iliyofika mpaka barabara iliyoota majani. "Mwajabu binti Shomari! Mama yangu!"

Makoleo yakasimama. Afisa akatoa kalamu mfukoni, akafungua kitabu cha stakabadhi juu ya goti lake, akauliza kwa utaratibu jina hilo limetamkwa mara ngapi.

"Bado sijamaliza," alisema Sikudhani, na akaita tena.